Washa Tanuri, Kamata Kiungo

Sitakuambia uote ndoto kubwa. Ndoto kubwa umeshahubiriwa za kutosha, kwenye mahafali, kwenye semina na kwenye klipu za simu, na bado Jumatatu ikifika hujui uanzie wapi. Mimi nataka uielekeze akili yako yote kwenye kitu chenye unene wa karatasi: utando wa fedha ulioyeyuka ukaganda kati ya kauri na chuma kisichoshika kutu. Hapo, kwenye mshono ambao jicho linaupita bila kuusalimu, ndipo mtambo mzima wa umeme unaposimama au kuanguka. Na hapo, kijana wa ufundi, mwanafunzi wa uhandisi, fundi friji, sonara, pana nafasi yako.

Mtambo wenyewe unaitwa seli ya mafuta ya oksidi yabisi. Upande mmoja inapita hidrojeni, au gesi asilia, au hata gesi ya samadi ikishasafishwa. Upande wa pili inapita hewa tu, hii tunayovuta. Katikati kuna ukuta wa kauri inayoitwa zirkonia, iliyotiwa itria kidogo, ambayo ikifika nyuzi 700 au 800 za Selsiasi inafanya jambo la kushangaza: inaipitisha oksijeni ikiwa katika hali ya ioni, lakini elektroni inazikatalia. Elektroni zikinyimwa njia ya mkato zinalazimika kuzunguka nje kwenye waya, na huo ndio umeme wako. Hakuna pistoni wala mngurumo. Mjerumani Walther Nernst aliitambua tabia hiyo ya zirkonia mwishoni mwa karne ya 19, alipokuwa akihangaika na taa. Mwaka 1937 Emil Baur na Hans Preis, huko Zürich, wakaionyesha seli ya kwanza ya namna hii ikifanya kazi. Leo mitambo bora ya jamii hiyo inageuza karibu asilimia 60 ya nishati iliyomo kwenye gesi kuwa umeme, kiwango ambacho jenereta ya dizeli hapo mtaani kwako haikioni hata kwa mbali.

Upande wa gesi, ukuta huo umeshikamana na sermeti, yaani mchanganyiko wa kauri na metali: punje za nikeli zilizofungamana na zirkonia ileile, zikiacha vitundu vidogo ili gesi ipenye. Nikeli inapitisha umeme na kuichochea gesi ivunjike. Zirkonia inaizuia nikeli isijikusanye mafungumafungu kwenye joto. Kisha kipande chote kinakaa kwenye fremu ya stenlesi. Na fremu hiyo sharti iungane na kauri bila kuvuja hata kidogo. Gesi ikipata upenyo ikakutana na hewa kwenye nyuzi 800, haitangoja ruhusa. Inawaka palepale, kauri inapata doa la joto kali, inapasuka, na ufa unafungua njia ya gesi zaidi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hamasa isiyojua hesabu ni kelele. Seli moja ikiwa kazini inatoa chini ya volti moja. Ili upate umeme wa maana unazipanga seli nyingi moja juu ya nyingine, tuseme 60. Chukulia kila seli ina kiungo kimoja tu, na wewe ni fundi wa kusifika, viungo vyako 99 kati ya 100 vinashika. Uwezekano wa rundo zima la seli 60 kutoka bila kiungo kibovu ni asilimia 55 hivi. Karibu nusu ya kazi yako ni takataka! Panda ufike viungo 999 kati ya 1,000, na rundo zima linakuwa salama kwa asilimia 94. Ndiyo maana kwenye kazi hii "inatosha" ni neno la hatari. Asilimia 99, ambayo darasani ingekupatia zawadi na picha ukutani, hapa inakufilisi.

Kwa nini kiungo ni kigumu hivyo? Kwa sababu kauri na chuma havitanuki sawa. Zirkonia inatanuka takriban sehemu 10.5 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Stenlesi ya kawaida, ile ya sufuria nzuri na masinki, inatanuka sehemu 17 au 18. Chukua kipande cha sentimita 10 ukipashe moto kutoka joto la chumbani hadi nyuzi 800: tofauti kati ya hivyo viwili inapita nusu milimita. Nusu milimita kwa kauri ambayo tabaka lake la kazi lina unene wa mikroni 10 tu! Itapasuka kabla hujamaliza kushangilia.

Lakini ipo stenlesi nyingine, yenye kromiamu na isiyo na nikeli ya kutajika, ambayo inatanuka sehemu 12 hivi. Kwa kipande kilekile tofauti inashuka hadi sehemu ya kumi ya milimita. Hiyo unaweza kuishi nayo. Na namna ya kuitenga na ile nyingine haihitaji maabara: chukua sumaku. Stenlesi inayovutwa ndiyo ya kuanzia kazi hii; ile ya masinki kwa kawaida haivutwi. Wajerumani wa kituo cha utafiti cha Jülich na wenzao wa kiwandani walitengeneza chuma maalumu cha jamii hiyo, Crofer 22 APU, chenye kromiamu karibu asilimia 22, kwa ajili ya seli hizi hasa. Lakini aina ya 430, ambayo ni ya kawaida madukani na yenye kromiamu asilimia 16 hadi 18, inatosha kabisa kwa mtu anayejifunza.

Tatizo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ndipo tunapoona akili za watu zikifanya kazi. Kulehemu, wewe fundi friji unajua, ni kuyeyusha metali ya tatu katikati ya vipande viwili ambavyo vyenyewe haviyeyuki. Kwenye mrija wa shaba metali hiyo inakimbia yenyewe kuingia kwenye upenyo, inalowesha pande zote, na kazi imekwisha. Ukijaribu hivyo kwenye zirkonia kwa fedha tupu, fedha inajikunja na kuviringika kama tone la maji juu ya jani la mgimbi. Inakataa kushika. Kauri imesharidhika na oksijeni yake, haina shida ya rafiki mpya.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa titani. Unaitia kidogo kwenye fedha na shaba, na kwa kuwa titani ina uchu mkubwa wa oksijeni, inaikwapua kutoka kwenye kauri yenyewe na hivyo kushikamana nayo. Ni ujanja mzuri, ila uchu huohuo unaila titani ikiguswa na hewa. Kwa hiyo kazi lazima ifanyike kwenye tanuri la ombwe, lililonyonywa hewa yote, mashine ya gharama kubwa ambayo vyuo vingi vyetu huiona kwenye katalogi tu. Kibaya zaidi, ombwe linaiharibu kauri ya upande wa hewa wa seli, ambayo inaihitaji oksijeni yake ili ibaki kama ilivyo. Na ukifanikiwa kuyavuka hayo yote, kiungo chenyewe kinakwenda kuishi kwenye hewa ya nyuzi 800 miaka na miaka, mahali ambapo tabaka la titani linaendelea kuliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye Maabara ya Taifa ya Pacific Northwest iliyopo Richland, jimbo la Washington, Marekani, Scott Weil, John Hardy na Jin Yong Kim walishika njia ya kinyume. Wengine walikuwa wanatumia pesa nyingi kuifukuza hewa. Wao wakaiacha iingie. Ikiwa kiungo kitaishi hewani, kwa nini kisizaliwe hewani? Wakachukua fedha, ambayo hewani haishiki kutu kwa joto hilo, wakaichanganya na oksidi ya shaba kidogo, asilimia chache tu. Oksidi hiyo ni jamaa wa kauri kwa upande mmoja, kwa kuwa nayo ni oksidi, na jamaa wa ganda la oksidi linalojifunga juu ya stenlesi kwa upande wa pili. Ikiyeyuka pamoja na fedha inakimbilia pembeni, inalowesha pande zote mbili, na fedha iliyokuwa ikiviringika sasa inatandaa. Joto linalohitajika ni takriban nyuzi 1,050, kwenye tanuri la kawaida lililojaa hewa ya chumbani.

Wala hawakulizua jambo hilo kutoka hewani, samahani kwa mzaha. Katika miaka ya 1990 watafiti wengine walishapima jinsi fedha yenye oksidi ya shaba inavyotandaa juu ya kauri ya alumina. Matokeo yalikuwa yamechapishwa, yanasomeka na kila mtu. Waliofaidika ni wale waliosoma kazi ya wenzao huku wakiwa na tatizo lao mkononi. Narudia hili kwa makusudi, kwa sababu nakutana na vijana wengi wanaosubiri wazo ambalo halijawahi kuguswa na binadamu yeyote. Usisubiri. Soma, halafu jiulize: hili linaweza kutibu ugonjwa gani ninaoujua mimi?

Sasa nikuulize. Tanuri la kufika nyuzi 1,100 kwenye hewa ya kawaida liko wapi karibu nawe? Liko kwenye maabara ya udongo ya chuo chako, kwenye idara ya jiolojia, kwa watu wa kupima madini, kwenye karakana ya kauri. Mara nyingi limekaa kimya, mtu ameweka mafaili juu yake. Zirkonia je? Nenda kwenye karakana za meno bandia. Taji za meno za siku hizi nyingi zinachongwa kwa zirkonia, na mabaki ya kuchonga hutupwa. Omba kipande ambacho tayari kimechomwa, maana vitofali wanavyochonga huwa bado laini kama chaki mpaka vipite kwenye joto la karibu nyuzi 1,500. Haina itria nyingi kama ile ya kwenye seli, lakini inatanuka karibu sawa nayo na inakataa fedha kwa kiburi kilekile. Kwa kujifunza inafaa sana.

Fedha ataijua sonara. Na hapa niseme kitu kwa masonara wa Mombasa, Unguja na Kariakoo: ninyi mna nusu ya taaluma hii mikononi. Mnajua kwamba lehemu hukimbilia penye joto. Mnajua uchafu wa alama ya kidole unavyoweza kuharibu mkufu wa wiki nzima. Mnajua fedha ikiyeyushwa hewani inameza oksijeni, karibu mara 20 ya ujazo wake, na ikiganda kwa haraka inaitema ikaacha vitundu usoni. Mhandisi mwenye shahada anasoma hayo kitabuni. Ninyi mmeyaona kwenye kalibu. Mtoto wako akisema anataka kusomea uhandisi wa materiali, usimwambie ameuacha ufundi wa babu yake. Ameuchukua ule ufundi anakwenda nao mbele.

Basi anza. Kwenye gramu 10 za mchanganyiko, oksidi ya shaba iwe gramu 0.3 na iliyobaki iwe fedha ya unga. Koroga na gundi inayoungua bila kuacha majivu. Sugua stenlesi kwa msasa laini, osha vipande vyote kwa asetoni, na baada ya hapo usiviguse kwa vidole vitupu. Paka, bandika, weka uzito mdogo juu. Pasha taratibu, nyuzi tatu hadi tano kwa dakika. Subiri robo saa au nusu saa kwenye 1,050. Kisha acha tanuri lipoe lenyewe, na usilifungue kwa pupa. Kauri nyingi za wanafunzi zinauawa na mlango uliofunguliwa mapema.

Ukija kwenye sermeti yenyewe kuna mtego wa kuujua mapema. Nikeli ikipashwa moto hewani inageuka oksidi na kuvimba kwa takriban asilimia 70 ya ujazo wake, na ikirudishwa kuwa nikeli inasinyaa tena. Mzunguko huo unapasua seli. Habari njema ni kwamba seli inapotoka tanurini mara ya kwanza, nikeli yake bado iko katika hali ya oksidi. Lehemu wakati huo, kabla haijaonja hidrojeni, na hewa haitaidhuru. Halafu chunga vitundu: sermeti ni sifongo, inaweza kuinyonya lehemu yote na kukuachia mshono mkavu. Ndiyo sababu mafundi wengi huunganisha fremu na tabaka lililoshikana la zirkonia, wakaiacha sermeti ifuate.

Usidhani nakuuzia jambo lililokamilika. Lingekuwa limekamilika nisingekusumbua. Fedha ina udhaifu: inapitisha hidrojeni na oksijeni pia, polepole, zikiwa zimeyeyuka ndani yake. Kiungo kina gesi upande mmoja na hewa upande wa pili. Hidrojeni inaingia kutoka huku, oksijeni kutoka kule, zinakutana katikati ya fedha na kuwa mvuke wa maji. Mvuke hauna pa kwenda. Unatengeneza vitundu, vitundu vinaungana, na baada ya maelfu ya saa mshono uliokuwa mzima umekuwa chujio. Tena hidrojeni inaikuta ile oksidi ya shaba iliyokuwa imeshikilia kiungo, inainyang'anya oksijeni, na kuacha uwazi mahali pake. Dawa ya leo inakuwa ugonjwa wa kesho.

Watu wameliendea tatizo hilo kwa njia mbalimbali. Kwenye Chuo Kikuu cha Michigan State, mwaka 2018, Quan Zhou, Thomas Bieler na Jason Nicholas walichapisha wazo jingine kabisa: acha oksidi ya shaba, paka tabaka la nikeli lenye vitundu juu ya kauri, na fedha ikiyeyuka nikeli iivute itandae mahali ambapo peke yake isingetandaa. Richland nako waliwahi kutia chembe za titanati ya alumini kwenye lehemu yao ili kupunguza kutanuka kwa fedha, ambayo inatanuka kuliko kauri karibu maradufu. Wengine wameachana na fedha wakatumia kioo kilichotungwa maalumu. Kioo nacho kimefika mbali, nisikidharau: rundo dogo la seli huko Jülich liliwashwa Agosti 2007 likazimwa Januari 2019, zaidi ya saa 100,000 kwenye nyuzi 700. Na kile kifaa cha MOXIE kilichotengeneza oksijeni kwenye sayari ya Mirihi kuanzia Aprili 2021, gramu 5.4 kwa mara ya kwanza, ni ukuta wa kauri ya jamii ileile uliogeuzwa kufanya kazi kinyumenyume, na kilitegemea mihuri ya kioo. Ila kioo ni kivunjifu. Fedha inajikunja kidogo kabla ya kukubali kupasuka, na kwa mtambo wa kuwashwa na kuzimwa kila siku tabia hiyo ni mali. Mimi kura yangu iko kwa fedha, mpaka mtu anithibitishie vingine. Huenda ukawa wewe.

Kuna jambo linaloniuma nikilifikiria. Zirkonia inatokana na zirkoni, na zirkoni ilichimbwa kwenye mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, kwa takriban muongo mmoja, ikapakiwa Likoni na kwenda zake, hadi uchimbaji uliposimama mwishoni mwa 2024. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, akiba kubwa inayojulikana kwa miaka mingi. Malighafi mbili kuu za sermeti ziko kwenye udongo wetu. Tunaweza kuendelea kubishana juu ya mrabaha, na tubishane, ni haki yetu. Lakini kwenye meza ya mazungumzo, mwenye watu wanaojua kuifanya zirkonia ishikane na chuma ana sauti tofauti na mwenye mchanga peke yake. Sauti hiyo haitungwi kwa hotuba. Inatoka kwenye maabara zenye vijana wanaochelewa kwenda kula kwa sababu tanuri bado halijapoa.

Kiungo chako cha kwanza kikitoka, usikipige picha ukakiweka mtandaoni. Kijaribu. Kikandamize kwa hewa kidogo, upake maji ya sabuni, utazame mapovu. Kisipovuja, kirudishe tanurini, nyuzi 800, kisha kipoe, kisha tena, na tena. Andika kila mzunguko kwenye daftari, pamoja na ile iliyokutia aibu. Hidrojeni usiiguse mpaka uwe na msimamizi anayeijua, na hata hapo anza na gesi iliyochanganywa, hidrojeni asilimia 5 au chini, iliyobaki nitrojeni.

Kitavuja siku moja. Siku hiyo kikate katikati, king'arishe, kiweke chini ya hadubini, uone kimevujia wapi. Kama ni upande wa kauri, lehemu haikulowesha: rudi kwenye kipimo cha oksidi ya shaba na usafi wa uso. Kama ni upande wa chuma, ganda la kromiamu limenenepa kupita kiasi: badilisha stenlesi, au ipake kinga ya manganizi na kobalti kama wafanyavyo wenye viwanda. Kama ni ndani ya fedha yenyewe, vitundu vimejipanga mstari kama shanga, basi umelifikia tatizo ambalo bado linawanyima usingizi wenye maabara kubwa kuliko yako. Vuta kiti, washa tanuri.